Shule na hela: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kusoma Ujerumani na kurudi Tanga

Ukurasa huu nauandika kwa uvivu. Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza habari za Ujerumani, iwe kibarazani kwetu Ngamiani, iwe kwenye simu saa tano za usiku, hata nikiwa nimesimama asubuhi nangoja mbaazi zangu zifungwe. Maswali ni yale yale. Sasa nimeyakusanya, atakayeuliza tena nitamtumia haya na chai yangu haitapoa.

Kwa asiyenijua: mimi mtoto wa Tanga. Shahada ya kwanza nilisoma Dar es Salaam, na Oktoba 2014 nikaenda Kiel, kaskazini ya Ujerumani, kusoma uzamili wa mambo ya bahari na pwani. Nilimaliza 2017, nikabaki, nikarudi 2019. Mwalimu wetu wa Kiswahili sekondari alikuwa akipenda kutuambia kwamba neno shule na neno hela yote mawili tuliyatoa kwa Wajerumani. Mimi nilikwenda kufuata yote mawili. Shule niliipata.

Dada, ninahitaji shilingi ngapi?

Ada siyo mlima. Vyuo vikuu vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambalo kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya linatoza euro 1,500 kwa muhula, na vyuo na kozi nyingine chache za kulipia. Kila muhula unachangia euro mia mbili, tatu hivi, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya basi na treni.

Mlima ni akaunti ya viza. Kama huna ufadhili, na unaojulikana zaidi ni ule wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, unatakiwa kuonyesha kwamba una pesa za kuishi mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904. Unaziweka benki kwenye akaunti iliyofungwa, ukifika kule unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi, hata ulie damu huongezewi. Pesa ni zako, hakuna anayezila, lakini lazima ziwepo zote kabla hujapewa viza.

Wakati wangu kiasi kilikuwa chini ya hapo, na kwetu kilitoka kwenye kiwanja cha Pongwe. Baba alikiuza bila kusema mengi, akaniambia nisome. Sikujua siku ile kwamba kiwanja kile nitasafiri nacho. Nikipata alama mbaya nakiona. Nikinunua viatu nakiona. Mzazi unayesoma hapa, ukiuza kitu kwa ajili ya mtoto, kaa naye umwambie unategemea nini na hutegemei nini, maana ukinyamaza atajaza mwenyewe, na atajaza vibaya.

Kuna wakala anasema atanifungulia njia kwa milioni mbili. Nimpe?

Njia imefungwa na nani? Maombi unatuma mwenyewe, ama chuoni moja kwa moja, ama kupitia uni-assist, ofisi inayopokea na kukagua maombi kwa niaba ya vyuo, ambao wanatoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi jingine la muhula huohuo. Unahitaji intaneti, cheti chako na mtu wa kukusomea barua yako kabla hujaituma. Mtu huyo mimi nafanya bure, ila uje na maandazi.

Kozi yangu ni ya Kiingereza. Kijerumani cha nini?

Kozi ni ya Kiingereza, maisha ni ya Kijerumani. Daktari, mwenye nyumba, konda wa treni, na zaidi ya wote, barua. Kule kila jambo linakuja kwa barua ya posta. Mimi nilipata barua ya kudaiwa mchango wa redio na televisheni, nikaicheka, nikaiweka juu ya kabati kwa kuwa sikuwa na televisheni. Mchango ule unatozwa kwa nyumba, uwe na televisheni au uwe na mkeka tu. Zikaja barua mbili nyingine, kila moja na faini yake. Tangu hapo barua nikawa naifungua nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Halafu kuna saa. Sisi tumeshazoea kwamba Mzungu akisema saa nane anamaanisha saa mbili yetu, hilo si kitu. Wajerumani wana lao jingine: wakisema "nusu tatu" wanamaanisha nusu ya kuelekea tatu, yaani saa mbili na nusu ya kwao, ambayo ni saa nane na nusu yetu. Mimi nilihesabu tatu, nikajumlisha nusu, nikabadilisha kwenda Kiswahili, nikafika kwenye miadi ya kibali cha makazi nimechelewa saa zima. Miadi iliyofuata ilikuwa baada ya wiki sita.

Anzeni Kijerumani hapa hapa. Goethe-Institut iko Dar es Salaam. Ukifika na kiwango cha A2, yaani hatua ya pili kati ya sita za lugha, utaonewa huruma, ukifika na B1, hatua ya tatu, utaheshimiwa.

Baridi ile mnaistahimilije?

Baridi ni nguo tu. Unanunua koti zuri la mtumba, soksi za sufu, imekwisha.

Kiza ndicho kilichonishinda. Hapa Tanga jua linazama saa kumi na mbili na kitu, iwe Januari iwe Julai, hujawahi kulifikiria. Kiel, mwezi wa Desemba, jua linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi jioni limeshazama. Na siku nyingi hata hizo saa chache ni wingu tupu la rangi ya sufuria. Msimu wa kwanza nikaanza kulala. Nikitoka darasani nalala, Jumamosi nalala, simu ikilia naitazama mpaka inyamaze. Nilidhani ni uvivu, nikajitukana kila lugha niliyokuwa naijua. Kumbe ni sonona. Februari ndipo nilipokwenda kwa mshauri wa kisaikolojia wa wanafunzi. Vyuo vingi kule wanao, na huduma ni bure. Mama mmoja wa makamo, meza yake ina sanduku la tishu na mmea uliokauka. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja: nyumbani nani anajua? Nikasema hakuna. Akaandika kitu, akasema tutaanzia hapo.

Jambo hilo la nani anajua nitalirudia huko chini, kwa sababu kila kilichoniharibikia kule, ukikichimba, unakuta chini yake kuna mtu niliyemficha.

Na Ramadhani je?

Mwaka 2015 ilianza katikati ya Juni. Kiel mwezi huo jua linazama saa nne kasoro usiku na kuchomoza saa kumi na moja kasoro alfajiri, na katikati hapo mbingu haiwi nyeusi sawasawa. Unafuturu, unaswali tarawehe, ukigeuka ni daku. Wengine walifuata saa za miji mingine, kila mtu na shekhe wake. Mimi nilifunga nilizoweza na nyingine nikazilipa Desemba, saa nane mchana hivi nikichungulia dirishani naona magharibi inakuja mbio. Kiza nacho kumbe kina faida yake.

Sikukuu ya kwanza nililia. Ya pili nilipika pilau ya sufuria mbili, nikaita kila niliyemjua. Kigezo cha kuwa na marafiki kule ni nani utamwita kuja kula, na ukikaa kusubiri Mjerumani akuzoee kwanza ndipo umwite, utasubiri sana. Mwite mapema. Atakuja na chupa ya juisi na atafika dakika tano kabla.

Ulikuwa unakula nini?

Nazi ya kopo, mchele, na unga wa muhogo kutoka duka la Waafrika Magharibi, ambao haukuwa bada ila ulijitahidi. Lakini nataka kuwaambia habari ya dagaa. Kiel wana dagaa wao wa kufukizwa moshi, wanaitwa Kieler Sprotten, rangi ya dhahabu, wamepangwa kwenye visanduku vidogo vya mbao kama sigara. Wenyewe wanawala hivyo hivyo, kichwa na mkia. Mimi niliwachambua, nikawatia kwenye tui zito na ndimu na pilipili mbili. Mwenzangu wa jikoni, kijana wa Bavaria, alisimama mlangoni akanusa, akaniuliza nimewafanya nini samaki wa watu. Akala sahani mbili.

Husemwa kwamba asili ya dagaa hao ni Eckernförde, mji mdogo wa jirani, ila masanduku yalipigwa muhuri wa stesheni ya Kiel, basi Kiel ikabeba jina. Eckernförde hiyo ndiyo yenye undugu na Tanga yetu, na hapa mjini tuna sekondari yenye jina hilo. Nimelipita bango la shule ile miaka yote ya utoto wangu nikidhani ni jina la mmisionari.

Chumba kinapatikanaje?

Kwa shida. Omba hosteli ya wanafunzi siku ileile unayopata barua ya chuo, usingoje viza. Usimtumie mtu pesa ya chumba ambacho hukukiona, hasa anayesema yuko nje ya nchi na funguo atakutumia kwa posta. Huyo ni tapeli, na wenzetu wameliwa.

Utasikia "kodi baridi" na "kodi moto". Baridi ni chumba peke yake, moto ni pamoja na maji na joto la ukutani. Tangazo likiwa rahisi mno, ujue umeonyeshwa ya baridi. Na amana, kisheria, haizidi miezi mitatu ya kodi baridi.

Amana yangu mimi iliondoka nusu, nayo naomba niieleze vizuri. Sisi tumezaliwa madirisha yako wazi. Nilipofika kule nikaona dirisha la vioo viwili, nikasema alhamdulillahi, nikalifunga Novemba nikalifungua Aprili. Ndani napika wali wa nazi, ndani naanika nguo, ndani napumua. Siku ya kuhama tukavuta kabati. Ukuta nyuma yake ulikuwa na ukungu mweusi wenye manyoya, unashuka kama ramani ya mto. Mwenye nyumba hakupaza sauti. Alitoa karatasi: kwenye mkataba niliosaini, kifungu cha kumi na kitu, imeandikwa nifungue dirisha lote wazi dakika chache kila siku, hata theluji ikianguka. Nilisaini bila kusoma kwa kuwa niliona aibu kusema sielewi.

Kuna ubaguzi?

Upo. Nilipiga simu kuulizia chumba, nikataja jina langu, nikaambiwa kimeshachukuliwa. Rafiki yangu wa darasani, Mjerumani, akapiga baada ya dakika kumi, akaambiwa aje akione jioni.

Lakini kuna na hili. Jumapili moja nilikuwa natwanga tangawizi na thomu kwenye kinu, jioni yake nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu, herufi kubwa, alama tatu za mshangao. Nikapandwa na hasira, nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la Watanzania, tukalaani ukoo mzima wa jirani. Wiki iliyofuata, nashuka ngazi, nikaona ubao ambao nilikuwa nimeupita miezi minne: saa za utulivu, na Jumapili kutwa nzima. Hata kutoboa ukuta hutoboi Jumapili. Maduka yenyewe yamefungwa. Nikampelekea jirani maandazi, akaniazima mashine ya kusagia viungo, ya umeme, isiyo na kelele.

La kinu lilikuwa na ubao. Lile la chumba halikuwa na ubao wowote.

Naweza kufanya kazi huku nasoma?

Ndiyo. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Zamani zilikuwa 120 na 240. Kima cha chini cha mshahara kilianza Januari 2015 kwa euro 8.50 kwa saa, na mwaka 2025 kilikuwa 12.82. Bima ya afya ni lazima, inazidi euro 100 kwa mwezi, na ukifika miaka 30 unafuu wa wanafunzi unakwisha, kwa hiyo wenye umri wangu wapige hesabu hiyo kabla.

Niliosha vyombo kwenye hoteli, chini ya ardhi, pamoja na Msyria mmoja aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Baadaye nikapata kazi ya saa chache maabara, kupanga sampuli. Ya maabara ndiyo niliyoiandika kwenye wasifu wangu. Ya vyombo ndiyo iliyonifundisha Kijerumani.

Mbona mkishafika huko mnatusahau?

Hatusahau. Tunaona haya.

Mwezi wa kwanza nilipiga picha nimeegemea gari la mtu, nikaituma nyumbani. Haikuwa na maneno, picha tu. Baada ya hapo maombi yakaanza, na sitawalaumu, maana mwenye kuegemea gari lile ana pesa. Binamu simu, jirani ada ya mtoto. Mjomba, mvuvi, akaomba injini ya mashua. Nikamjibu "nitaangalia, mjomba." Nyote mnajua Tanga "nitaangalia" ni ndiyo. Mimi nilijua ni hapana, nikaitumia kwa sababu hapana ilinishinda kutamka. Mjomba alingoja miaka miwili. Niliporudi ndipo nikajua kwamba alikopa nyavu kubwa akitegemea injini ya Ujerumani, na nyavu zile zikamshinda kwa mashua ya tanga, akaziuza kwa hasara. Hajawahi kunilaumu. Hunisalimia vizuri kabisa, na mimi huwa sijui niweke wapi macho.

Nao nyumbani walinificha lao. Mwaka wa pili, kila nikipiga simu na kusema nipeni bibi, naambiwa amelala. Saa sita mchana, amelala. Ijumaa baada ya swala, amelala. Nikasema uzee huo. Siku moja nafungua WhatsApp, binamu ameweka picha za sinia za pilau, shangazi zangu wote kwenye mkeka, na chini ameandika: arobaini ya bibi yetu. Nilikuwa ndani ya basi. Nikashuka kituo ambacho si changu, nikakaa kwenye benchi la chuma mpaka suruali ikagandamana na baridi.

Nilipompigia dada yangu mkubwa akalia, akasema: ulikuwa na mitihani, tuliona usije ukavurugika. Nikataka kumfokea, nikakumbuka picha ya gari. Basi nikamwambia. Kwamba naosha vyombo, kwamba nimefeli somo moja, kwamba majira ya kiza nilikuwa siamki. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: hivyo vyombo, wanakulipa? Nikasema euro nane na nusu kwa saa. Akasema, "Sasa mbona unaona haya?"

Tukapatana. Kila Ijumaa simu moja, mimi na yeye, na atakayeulizwa anajibu kweli, hata kama mwenzie ana mtihani kesho. Pesa nyumbani ikawa kiasi kimoja, tarehe moja, kwa mama, si kwa kila anayeomba. Wengine wote nikawajibu "sina" papo hapo. Wawili walinuna. Mmoja kati yao tumekwisha kupatana, mwingine naona anasoma kila ninachoandika, karibu.

Ulifeli?

Takwimu. Mara mbili. Vyuo vingi kule vinakupa majaribio mawili au matatu kwa mtihani mmoja. Ukianguka la mwisho unaondolewa kwenye kozi. Jaribio la tatu nilikwenda ofisini kwa mkufunzi nikasema sielewi kuanzia ukurasa wa nne. Si wa arobaini, wa nne. Alishangaa kwamba sikuja mapema. Kwetu mwanafunzi anayegonga mlango wa mwalimu anaonekana msumbufu; kule asiyegonga anahesabiwa ameelewa.

Darasani kitu gani kilikushangaza?

Wiki ya kwanza tulizungushwa kila mtu aseme atokako. Nikasema Tanzania, kwa desturi nikaongeza Tanga, mji mdogo hamuujui. Profesa akavua miwani. "Tanga ya silikanti?" Darasa zima likanigeukia.

Sikuwa najua kitu. Ikabidi anieleze yeye: samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kwamba kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania walianza kuwatoa kwenye jarife zilizotegwa kina kirefu, wengi wakiwa wa upande wa Kigombe, kwenye njia ya Pangani, mpaka mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kigombe! Shangazi yangu ameolewa Kigombe. Nimeogelea pale nikiwa na miaka tisa.

Kabla hujaondoka, tembea mkoa wako. Nenda Amani kwenye msitu, nenda Tongoni kwenye magofu, kaa na wazee Deep Sea, pale wanaposhusha samaki, asubuhi boti zikiingia. Siyo kwa uzalendo. Utaulizwa, na ni vibaya kufundishwa kwenu na mtu mwenye slaidi.

Mbona hukuolewa na Mzungu?

Shangazi, najua ni wewe.

Ningechukua uraia wao si ingekuwa vizuri zaidi?

Ujerumani tangu Juni 2024 inaruhusu uraia zaidi ya mmoja. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Ukichukua wa kule, wa hapa umeupoteza. Usisikilize wa kibarazani, nikiwemo mimi, muulize mwanasheria.

Kwa nini ulirudi?

Kwa miaka miwili nilikuwa na jibu zuri: mama anaumwa miguu, hana mtu. Nililisema siku moja kibarazani mbele ya watu saba, mama yuko ndani anachambua mchele. Akajibu kwa sauti kutoka ndani: "Miguu yangu mizima!"

Ukweli ni huu. Ukihitimu kule unapewa kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na shahada yako. Nilituma maombi arobaini na kitu. Nikaitwa mahojiano matano. Kijerumani changu kilikuwa cha jikoni, fani yangu walioisoma ni wengi, na muda ukaisha. Hakuna aliyenifukuza na wala sikuja kujenga taifa. Muda uliisha, nikapanda ndege na mabegi mawili. Wapo niliosoma nao waliobaki na wanaishi vizuri, na sioni kwamba wamewasaliti watu.

Kurudi kulikuwaje?

Kugumu kuliko kwenda. Ukienda, kila mtu anajua wewe mgeni, anakusamehe. Ukirudi husamehewi.

Kaskazini ya Ujerumani salamu ni neno moja, "Moin", asubuhi, mchana, usiku, unalitupa huku unatembea. Nami nikarudi nikawa natupa "shikamoo" moja kwa baraza la wazee watano na kupita. Siku ya tatu dada akaitwa: mdogo wako amekuwa mkavu, tumemkosea nini? Ikabidi nijifunze upya kusimama. Habari za nyumbani, za mama, za mvua, mguu wako babu. Inachukua dakika saba kutoka kwetu hadi dukani ambako ni hatua sitini, nami sasa nazihesabu ndani ya ratiba kama Mjerumani anavyohesabu treni.

Harusi ya kwanza niliyoalikwa kadi ilisema saa nane. Saa nane kamili nilikuwa ukumbini na wapanga viti. Nikawasaidia kupanga.

Kazi ilichukua miezi minane. Cheti cha nje kipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kikatambuliwe, tena usingoje kufika. Hiyo peke yake ilinikawiza. Na kwenye mahojiano nilikuwa nikisema "sisi Kiel tulikuwa tunafanya hivi" mpaka bwana mmoja akaniuliza kwa upole kama Kiel wana kaskazi na kusi. Aliyenifunza hilo sawasawa ni mzee mmoja wa Kigombe, katika mradi ninaofanya sasa na vikundi vya BMU, vile vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi wa pwani yao. Nilimfungulia ramani ya kina cha bahari kwenye kompyuta mpakato. Akaiangalia, akaweka kidole mahali pamoja, akasema hapa mmekosea, hapa kuna korongo. Tukaenda na mashua, tukashusha kamba yenye jiwe. Kamba ikaisha.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo unasamehewa ukiwa nje?

Hapana. Unakungoja. Ukiajiriwa hapa ni asilimia 15 ya mshahara.

Mwanangu ana miaka 18, nimpeleke?

Mama, anajua kupika wali na kusema "hapana"? Kama anajua kimoja, ngoja mwaka. Kama hajui hata kimoja, mtume kwanza Dodoma.

Lile koti lako la baridi la Kiel bado unalo?

Ninalo, ila silo langu tena. Jeusi, zito, zipu inakwama chini. Limeshakwenda na kurudi na watu wanne. Utaratibu ni kwamba anayenunua lake kule analirudisha kwa mtu wa kwanza anayekuja likizo. Wa mwisho alilileta Agosti. Nililipiga pasi, nikatia nafthalini, nikapekua mifuko: kulikuwa na glavu moja, risiti ya senti 25 unazorudishiwa ukirejesha chupa tupu, ambazo hakwenda kuzidai, na kikaratasi kimekunjwa, kwa mwandiko wake, "nusu tatu = saa nane na nusu!!!" Vyote nimeviacha humo humo. Anayelichukua sasa ni binti wa Makorora, anaondoka mwisho wa mwezi wa tisa. Jana alikuja kulijaribu, saa saba mchana, jua la Tanga kichwani, akakataa kulivua mpaka mama yake amwone.